Ruta Iliyomjua Mtu kwa Ukoo Wake

Mahali fulani, katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, kuna kompyuta inayomfahamu dereva mmoja wa bodaboda wa Kagoma, wilayani Muleba, kwa ukoo wake na kwa kijiji alikozaliwa mama yake. Inajua pia siku anazocheza gemu na saa anazoondoka kurudi kazini. Yeye hakuiambia. Aliyeiambia ni mama yangu mdogo, na alifanya hivyo kwa adabu.

Mama mdogo ana banda la gemu pale Kagoma. Ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukifungua dirisha la nyuma, majani ya migomba yanaingia ndani. Zamani alikuwa akinunua kahawa kwa wakulima na kuipeleka mjini. Alipochoka na mizani na magunia, akaweka runinga ukutani, mashine za gemu chini yake, mabenchi mbele, na watu wakaja. Wengi ni madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria, na walimu wawili watatu wanaojifanya wamepita tu. Wanacheza mpira. Mwanzo walicheza wao kwa wao, halafu wakaanza kukutana mtandaoni na watu wa Mwanza na Kampala, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mtu yupo golini, anataka kupiga, ghafla kila kitu kinaganda: kipa kaning'inia hewani, mpira umesimama, watazamaji wanapiga kelele. Sababu ni kwamba mwingine pembeni kafungua video kwenye simu yake. Picha ikirudi, Kampala wameshafunga.

Mimi naishi Kahororo, Bukoba mjini, na kazi yangu ni kukusanya habari kwa ajili ya redio. Nina mazoea ya kuuliza nani kasema, kasikia wapi, na nani mwingine anajua. Mama mdogo aliposikia kwamba kuna ruta, vile visanduku vya kugawa intaneti, zilizotengenezwa kwa ajili ya wacheza gemu, alinipigia simu akaniambia nimtafutie na nihakikishe sitapigwa.

Tuliinunua Bukoba mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa zile familia chache za asili ya Kihindi zilizobaki. Babu yake aliuza vitambaa mle ndani. Yeye anauza nyaya, betri na vitu vya intaneti, na akibishana bei na mteja wa kijijini anahamia kwenye Kihaya bila kujigundua. Ruta yenyewe ilikuwa nyeusi, yenye antena zilizosimama kama miguu ya senene aliyelala chali. Kazi yake ni rahisi kueleza: inatazama kila simu na kila mashine iliyojiunga, kisha inaipa gemu nafasi ya kupita kwanza. Video inasubiri. Unaiendesha kwa programu unayoweka kwenye simu yako.

Programu hiyo ilimwomba mama mdogo akubali masharti. Alibonyeza kukubali, kama tunavyofanya wote. Kisha ikamwonyesha simu za wateja zilizojiunga, kila moja ikiwa na jina la kiwandani: herufi, mstari, namba. Chini yake palikuwa na nafasi ya kubadili jina.

"Mtu si namba," alisema.

Kwetu mgeni akiingia haulizwi jina peke yake. Unamuuliza ukoo wake, kisha unamuuliza kwao mama yake ni wapi, na baada ya hapo ndipo unajua umwite mjomba, mkwe au mwanao. Basi kila mteja wa kudumu aliyeingia, mama mdogo alimsalimia, akamuuliza kwa Kihaya mambo ambayo mengi alikuwa ameshayajua, akaandika kwenye ruta. Haukupita muda mrefu, nusu ya Kagoma ilikuwa mle ndani, imepangwa kwa koo. Nilipoiona nilicheka, nikamsifu kwa utaratibu wake.

Gemu ziliacha kuganda. Watu wakaongezeka.

Kisha ikaja Jumamosi moja nilipokuwa nimeshuka kumtembelea. Banda lilikuwa limejaa. Mama mdogo alikuwa ameunganisha simu yake na runinga kubwa ili waone mechi, na katikati ya mechi ukaingia ujumbe wa ile programu, ukafunika skrini. Ulikuwa wa Kiingereza, na rangi nyingi, na picha ya kikombe. Ulimpongeza mchezaji bora wa wiki. Chini ya kikombe palikuwa na ukoo wa yule dereva, kijiji cha mama yake, na michoro ya saa alizocheza kila siku.

Banda lililipuka.

"Umetangazwa! Mkwe wetu bingwa wa dunia!"

"Kumbe ndiyo maana stendi hatukuoni. Ulituambia unapeleka mgonjwa hospitali ya Rubya."

"Wazungu wamekujua mpaka kwa wajomba zako. Ukioa tena, barua ya posa upeleke kiwandani."

Dereva hakucheka. Ni mtu wa makamo, msemaji wa wenzake pale stendi, na ana sauti ya chini. Aliweka pedi ya gemu juu ya benchi.

"Ma, haya maneno yametoka wapi?"

"Yametoka humu," mama mdogo alisema, akionyesha ruta. "Niliyaandika mwenyewe, siku ile nilipokuuliza."

"Humu humu? Hayajatoka nje?"

Mama mdogo alinitazama. Nikasema ninachokijua: ule ujumbe umetumwa na kampuni iliyotengeneza ruta, na kampuni haiwezi kutuma maneno isiyokuwa nayo. Yalikwenda kwao, yakarudi yamepambwa kikombe.

"Waitu, Ma," dereva alisema, kwa heshima ya Kihaya. "Mama yangu ni marehemu. Kwao nilikutajia wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza. Nitoe huko. Ukishanitoa, niite."

Akatoka, na baadhi ya wenzake wakamfuata. Mama mdogo hakusema lolote kuhusu wateja. Alisema jambo moja tu, na alilirudia siku zilizofuata mpaka nikalizoea: "Aliniambia mimi." Alikuwa amekabidhiwa neno la mtu, na sasa halikuwa tena mikononi mwake.

Jioni ile tulikaa mezani na ile simu. Nilisoma masharti yote, kazi ambayo siwatakii watu wengi. Yalikuwa marefu, lakini hayakuficha kitu. Yalisema wazi kwamba kampuni inachukua majina ambayo mwenye ruta anavipa vifaa, saa vinapowashwa, na huduma vinazozitumia. Yalisema pia kwamba unaweza kukataa. Kilichoandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote ni kwamba ukikataa kupitia programu, gemu hazipewi tena nafasi ya kwanza. Tulijaribu. Tulizima, na mwalimu aliyekuwa anacheza akaguna: kipa wake kaning'inia hewani.

"Kwa hiyo barabara napewa," mama mdogo alisema, "ila nauli ni watu wangu."

Jumatatu tulikuwa Bukoba dukani. Mzee alitusikiliza huku akifunga betri kwenye gazeti.

"Mama, nimeuzia hoteli, nimeuzia wanafunzi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

"Mimi nimeuliza, mzee."

"Nikubadilishie? Ipo ya kawaida. Haina maneno mengi."

"Ego, ndiyo, na kipa wangu atabaki hewani. Sitaki. Hii nimeinunua mimi, inisikilize mimi."

Mzee akacheka, akatuambia kwamba hata yeye hajui vizuri, lakini ruta nyingi zina ukurasa wao wa ndani unaofunguka kwa kompyuta na waya, bila simu na bila kufungua akaunti kwa kampuni. Anwani yake hubandikwa chini ya ruta yenyewe. Alitupa waya wa kujaribia, akasema tukishindwa tuurudishe.

Hatukushindwa. Niliazima kompyuta ya kazini, tukageuza ruta, tukaisoma ile karatasi ndogo chini yake, na ukurasa ukafunguka. Kila kitu kilikuwamo. Ile nafasi ya kwanza ya gemu ilikuwamo, na ilifanya kazi bila kampuni kujulishwa chochote. Palikuwa na swichi ya kutuma taarifa, imewashwa, tukaizima. Mwalimu akacheza, video ikafunguliwa makusudi pembeni yake, na kipa hakuganda. Nilijaribu mara nyingi, maana sikuamini. Programu ilikuwa imetuaminisha kwamba mambo mawili, kuipa gemu nafasi na kutuma taarifa, ni kitu kimoja.

Tukafuta ruta yote, tukaianza upya kama siku ya kwanza, bila akaunti. Ile akaunti ya zamani tuliomba ifungwe na majina yote yafutwe. Barua niliandika mimi kwa Kiingereza, lakini maneno alinitajia mama mdogo kwa Kihaya, akiwa amesimama. Jibu lilikuja haraka: ombi limepokelewa.

Siku hiyohiyo alianzisha utaratibu wake. Kabla ya mechi za jioni, ukurasa wa ruta unafunguliwa kwenye runinga kubwa na kila mtu anaona kinachoonekana kumhusu. Jina la simu yake anachagua mwenyewe, au anaiacha na namba zake. Kisha akampigia dereva, na dereva akaja, kofia ya pikipiki mkononi.

"Nionyeshe."

Akaonyeshwa. Alisoma mstari mmoja mmoja, akakuta simu yake ni herufi na namba.

"Hapa sipo. Na kule?"

"Kule nimeomba," mama mdogo alisema. "Hapa nimefanya. Nikisema kule nimefanya, nitakuwa nakudanganya."

Dereva aliweka kofia juu ya benchi. "Niandike Jirani," akasema, akaketi. Mtu wa nyuma akauliza kama bingwa wa dunia anakubali kucheza na watu wa kawaida, na safari hii alicheka.

Banda limejaa tena, na nasema bila wasiwasi kwamba sijaona mahali pengine mkoani ambapo mteja anajua kwa uwazi hivyo intaneti anayoitumia inasema nini juu yake. Ofisi yetu haina utaratibu huo. Nimeanza kuuliza kwa nini.

Lakini wiki iliyopita umeme ulikatika Kagoma, ukarudi alasiri. Mama mdogo alifungua ukurasa kwenye runinga kama kawaida, mbele ya watu wote, na ile swichi ya kutuma taarifa ilikuwa imewashwa. Aliizima palepale akanipigia. Nywila tunaijua yeye na mimi, na hakuna kati yetu aliyeigusa. Ruta huandika kila badiliko linalofanywa ndani yake. Nilipoikagua, kwenye nafasi ya aliyewasha palikuwa na neno moja, si jina la mtu: mfumo.

Mzee wa dukani hajui maana yake. Kampuni nimeiandikia mara mbili. Dereva aliambiwa na mama mdogo mwenyewe, kabla hajauliza, na kila akiingia sasa huvua kofia, huitazama ile swichi kwenye runinga, kisha hunigeukia mimi kama nipo: "Dada, mfumo ni nani?"