Tope la Ubavuni

Jumatatu ile, siku moja baada ya Ufaransa kuifunga Brazili tatu bila na kuondoka na Kombe la Dunia, hakuna mtu aliyekunywa chai yake ikiwa moto katika kibanda cha Mama Nafula kule mtaa wa Mowlem. Waliagiza, wakamiminiwa, kisha wakasahau vikombe mbele yao wakabishana. Mama Nafula hakumpashia yeyote. Anayetaka chai moto anyamaze anywe.

Jina lake hasa ni Nabalayo. Alizaliwa upande wa Kimilili, akasoma hadi darasa la saba, akamfuata mume Nairobi. Mume alipofariki alimwachia binti mmoja, jiko la makaa na mdomo usio na breki; huo wa mwisho alikuja nao mwenyewe kutoka nyumbani. Miaka kumi na mmoja amepika chai, chapati na maharagwe, na miaka hiyo hiyo amefua jezi za timu ya mtaa. Hakuna aliyemtuma. Siku moja tu aliwaona wachezaji wakiingia uwanjani na matope ya wiki iliyopita, akasema mtaa wake hautaaibishwa hivyo na watu wazima. Tangu hapo kila Jumatatu ni karai, sabuni ya mche na kamba nyuma ya kibanda. Jumapili hafui. Jumapili ni ya kanisa.

Kilichowatoa watu povu siku hiyo hakikuwa Brazili peke yake. Kocha wa Mowlem alikuwa amehamishwa kikazi hadi Kitale, akaondoka Ijumaa na filimbi yake shingoni. Mechi ya mwisho ya ligi ya mitaa ilikuwa Jumamosi inayokuja, kwenye uwanja wa mtaa wa Tena, na Tena walikuwa wamewafunga nne bila katika mkondo wa kwanza. Mowlem wakifungwa safari hii pia, wanatoka ligini. Wakipata hata sare, wanabaki. Kwa hiyo jioni ile ilikuwa lazima apatikane kocha, na ilieleweka bila kusemwa kwamba atakayeshinda ubishi wa fainali ndiye atakayepewa timu.

Matheka alikuwa wa Brazili. Ni karani kwenye mahakama ya Makadara, na hata tai ikiwa imelegezwa huongea kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu.

"Waheshimiwa, Brazili haikushindwa. Brazili ilikosa siku. Mpira ni ufundi. Mpe winga wetu Griffins mpira, mwache acheze. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na ya pili, na ya tatu."

"Tatu ndizo mlizofungwa, karani," Wekulo akamkata. Huyu hufanya kazi kiwanda cha misumari, na alikuwa wa Ufaransa. "Wale walibaki watu kumi baada ya mmoja kutolewa, na bado wakafunga la tatu. Kwa nini? Kila mtu alijua kituo chake. Timu ni mashine."

"Mashine gani inaondolewa skrubu halafu inaendelea kuzunguka?"

"Ile ambayo haikutengenezwa na karani!"

Kibanda kikacheka. Mama Nafula alikuwa amewapa mgongo, anageuza chapati. Fainali aliitazama kwa jirani yake Koki, wanawake wanne chini ya blanketi moja, na hakusinzia hata dakika.

"Mabao mawili ya kwanza yalitoka wapi?" aliuliza bila kugeuka.

Wanaume wakaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kona," Opiyo akasema. Opiyo ndiye golikipa na kapteni, mtu wa maneno machache.

"Kona. Mtu ana upara unaoonekana kutoka hapa hadi Dandora, anaruka peke yake, anafunga. Haya, tuseme ni bahati mbaya. Anaruka tena peke yake, anafunga tena! Nyinyi mmekaa hapa mnaniambia ufundi, mnaniambia mashine. Hakuna aliyemkaba. Basi. Na wale wa mtaa wa Umoja walitufunga vipi juzi Jumamosi?"

"Kona," Opiyo akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Zote mbili."

Mama Nafula akageuka, mwiko mkononi. "Basi timu nipeni mimi."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa watu wa kibanda cha pili kuja kuchungulia. Griffins, winga wa kushoto, fundi wa baiskeli mwenye chenga za kumtoa mtu mkanda, alishika tumbo, akamwita mama kwa Kiswahili cha mitaani.

"Mathe, aje sasa? Utatukochi na mwiko?"

"Na nitakupiga nao."

"Mama Nafula," Wekulo akasema kwa upole wa kumfukuza mtu, "heshima yako iko pale pale. Lakini ukocha si chapati, eti unageuza upande huu, unageuza ule."

"Wewe hata chapati hujui kugeuza. Aliniambia mkeo."

Aliweka mwiko chini, akaenda nyuma, akarudi akiburuta karai. Ndani mlikuwa na jezi na kaptula za Jumamosi, hazijaguswa maji, tope jeusi la Umoja limekauka juu yake kama gamba. Akaitoa moja, akaikunjua juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Mimi nimewasoma miaka kumi na mmoja. Tope la mgongoni ni la mtu aliyelala chali akimlilia refa. Tope la ubavuni ni la mtu aliyeteleza kumnyang'anya mwenzake mpira. Hii ni namba kumi na moja. Tazameni mgongo huu! Griffins, ulilala mara ngapi? Ulikuwa umekuja na mto?"

"Walinikwatua, mathe!"

"Ubavuni hapa hakuna hata tone. Ukipoteza mpira unabaki umesimama kama nguzo ya stima." Akatoa nyingine, na nyingine, akawatupia. "Sasa shikeni upindo. Vuteni. Zote zimenyooka kama zimetoka dukani leo. Mtu anayeogopwa kwenye kona hushikwa jezi hadi ivutike. Jezi zetu hakuna anayezishika, kwa sababu kona yetu ikipigwa nyote mko mbali mnangoja mpira uwaangukie miguuni mfanye ufundi. Na kona yao ikipigwa ni vile vile."

Wekulo alikuwa amejikuta ameshika upindo wa namba tisa, anauvuta.

"Na hii namba sita? Safi kama ya kwaya." Akamtazama Nzuki, mchonga vinyago, aliyekaa mwisho wa benchi na vumbi la mbao kwenye nywele. "Nzuki, mimi nikipewa timu, Jumamosi utakaa nje."

Nzuki aliangalia kikombe chake. "Sawa, mama."

Opiyo akasimama. "Nimefungwa mabao ishirini na moja mwaka huu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunieleza kwa nini. Huyu amenieleza kabla chapati haijaungua. Apewe mechi moja."

Matheka hakuweza kukubali jambo bila karatasi. Alirarua upande wa mfuko wa unga, akatoa kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti: Mowlem ikifungwa na Tena, Mama Nafula atarudi kwenye karai na hatatia tena neno katika mambo ya timu. Isipofungwa, yeye ni kocha. Mama Nafula akatia sahihi kwa vidole vyenye unga.

Karai halikumtisha, amelizoea. Lililomkaa moyoni ni lile la kutotia neno. Kuona jambo wazi namna ile, kisha uzibwe mdomo na karatasi ya unga ulioukanda wewe mwenyewe! Hilo alijiapia halitatokea.

Kuanzia Jumanne, kila jioni saa kumi na moja, kibanda kilishikwa na binti yake Nafula, naye akaenda uwanjani na leso kiunoni na koti la marehemu juu yake, maana Julai ile manyunyu hayakukoma. Zoezi lilikuwa moja: kona. Kona za kulia, kona za kushoto, kona za kupiga na kona za kuzuia. Alimpa kila mtu mtu wake wa kukaba, akasema hata kama mtu wako anakwenda kujisaidia, mfuate hadi mlangoni. Bile, beki mrefu ambaye baba yake ana duka la nguo, alirukishwa hadi akasema anaona nyota.

"Mathe, huu mpira hauna utamu," Griffins alilalamika.

"Utamu uko kwenye sukari. Rudi nyuma ukabe."

Matheka na Wekulo walikuja kila siku, wakasimama kando na mikono mifukoni. Safari hii walikuwa upande mmoja: walisubiri aanguke.

Alhamisi aliwagawa, timu ya Jumamosi dhidi ya waliobaki, na katika waliobaki alikuwemo Nzuki. Dakika thelathini zikapita, timu ya Jumamosi haikupata hata bao la kubahatisha. Mama Nafula akakunja uso. Siku zote za mechi huwa pembeni anamimina chai, anachungulia kwa jicho moja; leo ndiyo mara ya kwanza kutazama mikono ikiwa mitupu. Na alichokiona kilimkera, kwa sababu kilikuwa kinyume na alichosema. Griffins akikata ndani, Nzuki alikuwa ameshafika. Krosi ikipigwa, Nzuki alikuwa ameshasimama pale inapoangukia. Hakuteleza wala kuanguka. Alikwenda hatua mbili tatu, kwa utulivu, kama anavyozungusha gogo mkononi kabla ya kulitia tezo, na mpira ukamjia mwenyewe. Nani ateleze kwenye tope, ilhali amefika mapema?

Usiku wa Jumatatu alikuwa ameifua ile jezi ya namba sita. Akakumbuka kola. Kola ilikuwa imekakamaa kwa chumvi ya jasho kuliko zote, akaisugua mara mbili, na akili yake haikusema lolote.

Angeweza kunyamaza. Matheka alikuwa hapo hapo, masikio yamesimama. Angeweza kumrudisha Nzuki Jumamosi kimya kimya, akasema mwingine ameumia. Badala yake alipuliza filimbi ya kuazima, akawaita wote katikati.

"Nzuki, nilikukosea, na nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo narudi mbele ya watu. Utacheza namba sita. Safu yote ya nyuma ifuate mahali unaposimama."

Nzuki akapangusa uso. "Asante, mama."

"Kumbe jezi zinadanganya!" Matheka akapaza sauti. "Shahidi amejipinga mwenyewe!"

"Jezi haikudanganya, karani. Mimi nilisoma tope nikaacha jasho. Nilisoma nusu. Wewe hata nusu hujafika. Haya, kona!"

Jumamosi uwanja wa Tena ulikuwa uji. Mvua za El Nino zilikuwa zimeondoka zamani lakini ule udongo mweusi hausahau maji. Dakika ya kumi na tano Tena wakafunga, mkwaju wa mbali ambao Opiyo aliuona akiwa amechelewa. Pembeni Wekulo alitikisa kichwa, Matheka akapapasa mfuko wa shati kuhakikisha karatasi iko. Mama Nafula hakuwatazama.

"Bado!" alipiga kelele. "Griffins, nyuma! Nyuma nimesema, kwani huko mbele umezikwa?"

Na Griffins, kwa mshangao wa wote waliomjua, akarudi. Akateleza kwa ubavu mita tatu kwenye lile tope, akaupata mpira, akasimama akijitazama kama mtu aliyevaa nguo za mwingine.

Kipindi cha pili Mowlem walipata kona tatu. Mbili zikapotea. Ya tatu ilipigwa na Griffins. Beki wa Tena akamshika Bile jezi kwa mikono miwili, Bile akaruka na beki akining'inia, na mpira ukamgonga kati ya sikio na bega ukaingia wavuni. Kama kuna bao baya kuliko hilo, halijafungwa Nairobi. Sasa ilikuwa sare, moja kwa moja.

Zilizobaki zilikuwa dakika ishirini za kuteseka. Tena walipata kona saba. Kila kona kila mtu alikuwa na mtu wake, na kila kilichopenya kilimkuta Nzuki ameshasimama. Refa alipopuliza, Opiyo alikaa chini langoni akaanza kucheka peke yake.

"Sare si ushindi," Matheka alianza kabla watu hawajamaliza kukumbatiana. "Na tuseme ukweli, mpira gani ule? Hakukuwa na pasi nne mfululizo."

"Kwa hilo niko na karani," Wekulo akasema. "Ufaransa hawachezi vile."

"Soma karatasi," Opiyo akasema.

"Ninachosema ni kwamba mtindo..."

"Soma, ndugu yangu. Mwandiko ni wako."

Matheka aliikunjua. Akasoma kimya, midomo ikitembea, kisha akaikunja tena na kumkabidhi Mama Nafula bila neno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtaa mzima kumwona bila neno.

Mama Nafula aliitia kifuani. Halafu akamwaga gunia la jezi chafu chini, akaanza kugawa kama anavyogawa chapati, bila kuuliza nani anataka.

"Tisa, chukua. Bile, yako hii, upindo umevutika hadi magotini, mpelekee mama yako aone. Kocha hafui. Kila mtu atafua yake, na Jumatatu ataileta kibandani aniambie amesoma nini."

"Mathe, mimi sijawahi kufua," Griffins alisema, ameishika namba kumi na moja kwa vidole viwili. Mgongo ulikuwa msafi. Ubavu wote wa kulia, kwapa hadi chini, ulikuwa mweusi ti.

"Acha tope likauke kwanza, kisha ulipukute, ndipo utie maji. Ukiharakisha litaingia ndani."

Nzuki alikuja wa mwisho, akanyoosha mkono. Jezi yake haikuwa na tone. Mama Nafula aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kola taratibu, kisha akampa.

"Hapa," alisema. "Hapa sugua mara mbili."