Mama Aliporuhusu Mapafu ya Kaka Yatazamwe

Ndugu zangu, mnaoniona nimesimama hapa mbele yenu, kuna wakati nilishindwa hata kumaliza neno moja bila kuhema.

Mimi na kaka yangu Saidi tulikuwa tukikamua mafuta ya alizeti mjini, mtaa wa Nkuhungu. Nilikuwa na afya. Gunia nalibeba mwenyewe. Tukashikwa na homa pamoja, halafu kikohozi kikavu. Kifua kikabana, midomo ikageuka rangi. Daktari akasema ni virusi vya mapafu, akatulaza sote.

Saidi alifariki asubuhi. Nilijua niliposikia kilio cha mama mlangoni mwa wodi. Alikuwa ametoka kijijini kwetu, Busi, na baba mdogo.

Daktari, mwanamke mpole, alimwambia mama, "Pole sana, mama. Dada yake naye anazidiwa, na hatujui kwa nini dawa hazimsaidii. Naomba tuyatazame mapafu ya marehemu."

Baba mdogo akakataa. "Shemeji, mtoto asipasuliwe. Tumzike leo."

Mama alinitazama. Kisha akasema, "Tutamzika leo. Lakini huyu wa kitandani bado anapumua. Daktari, mtazame mwanangu, umsitiri, unirudishie kabla ya alasiri." Daktari akaahidi.

Nililia bila sauti. Pumzi ya kulilia sikuwa nayo.

Daktari alirudi kabla ya alasiri, kama alivyoahidi. Akamweleza mama taratibu: mapafu ya Saidi yalikuwa mazito kama ini, vifuko vya hewa vimejaa majimaji, na damu imeganda kwenye mishipa. "Nahofia huyu naye ni hivyo hivyo," akasema.

Wakaanza kunichoma sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda. Wakanilaza kifudifudi, oksijeni puani. Nilitapika, nilijikojolea, mama akanisafisha akiwa ametoka kumzika mwanawe. Polepole pumzi ikarudi.

Namshukuru Mungu, na yule daktari aliyetimiza ahadi. Kifua kikibana, wahini hospitali. Na daktari akiwaomba jambo zito, msikilizeni kwanza kabla ya kukataa.

Niliporuhusiwa tulikwenda Busi. Mama alinikalisha kitandani, akaweka sikio mgongoni mwangu.

"Vuta pumzi," akasema.

Nikavuta.

"Tena."