Barua za Atuganile na Kalamu ya Mkwe

Mwaka 1954 Waingereza walikuwa wanapigana vita Kenya, ila kwa adabu walikataa kuviita vita. Waliviita hali ya hatari. Askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, kutoka Tanganyika walipelekwa kuisaidia hatari hiyo huko misituni, na mmoja wao alikuwa Koplo Asukile, mume wa Atuganile wa Iyunga. Ndoa yao ilikuwa na miaka minne. Miezi saba waliishi pamoja. Iliyobaki waliishi kwa barua.

Ubaya wa barua ni kwamba inataka msomaji. Atuganile aliishia darasa la pili. Herufi za kitabu cha nyimbo alizijua, lakini mwandiko wa mkono aliuona kama nyayo za kuku baada ya mvua. Msomaji wa karibu alikuwa baba mkwe wake, Mzee Fanueli, mwalimu mstaafu wa kanisa. Na kwa Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka apite. Ukristo ulipofika uliondoa mambo mengi. Hilo ulilikuta limekaa, ukalisalimia, ukapita.

Basi wakabuni utaratibu. Mzee alikaa ndani, karibu na dirisha, akasoma kwa sauti ya mimbarini. Atuganile alikaa nje chini ya dirisha hilohilo, mgongo ukutani, akipukuchua maharage. Mila ilikataza macho na mdomo, masikio iliyasahau. Hivyo ndivyo alivyopata kusikia, kwa sauti nzito ya baba mkwe, kwamba usingizini mumewe huiota miguu ya mkewe. Mzee alisoma na hilo pia, akaongeza kikohozi tu. Kwake, kuruka neno lililoandikwa ilikuwa dhambi.

Kuandika ni jambo lingine. Kuandika aliona ni kurekebisha. Majibu yalipitia kwa mama mkwe, Mama Lusia: Atuganile anamwambia Lusia, Lusia anamwambia mumewe, mumewe anachovya kalamu. Atuganile akisema amechoka kulala na kuta nne, kwenye karatasi yanashuka maneno kwamba mkeo anazidi kustahimili katika Bwana. Mzee alikuwa na sababu zake. Baba wa koplo alipewa benchi la mbele kanisani, na kila Jumapili baada ya ibada wanaume walimzunguka kumuuliza habari za Kenya, naye akazieleza kama mtu aliyezipanga mwenyewe. Asukile akirudi kulima kahawa, mzee naye angerudi benchi la nne.

Mwezi wa kumi ikaja barua nyingine. Mzee akasoma salamu za watu kumi na mmoja, akasoma habari za baridi, kisha sauti yake ikaanza kupunguza mwendo. Lakini maandishi ni maandishi.

"'Mke wangu, nashukuru kwa maneno yako kwamba kazi ya askari ni heshima na nisiharakishe kurudi. Mkataba wangu unakwisha Desemba. Usiponiambia vingine, nitatia saini miaka mitatu tena.'"

Chini ya dirisha maharage yaliacha kudondoka kwenye ungo.

Jioni hiyo Atuganile alimkuta Lusia jikoni. "Mama, mimi nilisema arudi."

"Na mimi nilisema arudi," Lusia akajibu akichochea moto. "Kinywani mwangu lilitoka zima. Lilivyoingia kwenye kalamu, mimi sijui. Nimeolewa naye miaka thelathini na tano, mwanangu. Wewe umesomewa naye mitatu tu, na tayari umechoka."

Kumjibu mkwe haikuwezekana. Hata kumnunia haikuwezekana, kwa kuwa hakuruhusiwa kumwonyesha uso. Atuganile akaenda dukani kwa Umakant kununua karatasi na bahasha. Umakant alijitolea kumwandikia bure, na ni kweli alijua Kiswahili, ila alikiandika kwa herufi za Kigujarati. Atuganile akashukuru, akarudi kwenye kitabu chake cha nyimbo. Siku kumi na nane alinakili herufi mojamoja, kubwa kama mabanda, mpaka akapata alichokitaka: ASUKILE. BARUA ILE SI MANENO YANGU. RUDI. MIMBA HAIJI KWA POSTA. MIMI MWENYEWE ATUGANILE. Akaifunga bahasha kwa uji mzito.

Ndipo akakumbuka anwani. Namba ya jeshi ilikuwa kwenye barua za zamani, na hizo zilikaa ndani ya Biblia ya mzee. Tena jeshini mumewe aliitwa Asukile Fanueli. Jina hilo la pili hakuwahi kulitamka, na hakuna aliyejua kama mkono nao ni mdomo. Hakutaka yeye ndiye awe wa kwanza kujua.

Basi bahasha ikapelekwa na Lusia mpaka mezani, tupu kwa nje. Mzee akaishika, akaipima, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya dirisha Atuganile alikuwa akipukuchua maharage.

"Muulize imeandikwa nini."

"Anauliza imeandikwa nini," Lusia akaliambia dirisha.

"Mwambie ni salamu."

"Anasema ni salamu."

"Salamu za kufungwa kwa uji?" Mzee akageuza bahasha mara mbili. Kilichofuata alikisema kwa sauti ndogo, si ile ya mimbarini. "Muulize, na mimi nimetajwa humo?"

Lusia hakupata nafasi ya kukipitisha; jibu lilitoka chini ya dirisha.

"Mwambie kumtaja ni mwiko, mama. Ningeanzia wapi?"

Mzee alikaa na bahasha mpaka wino ukakauka kwenye kalamu. Akachovya tena. Akaandika namba, cheo, Asukile, kisha jina lake mwenyewe, taratibu, kwa mwandiko ule mzuri wa ubaoni. Kesho yake akaipeleka posta Mbeya kwa miguu, na hakuna aliyemtuma.

Asukile alishuka kwenye basi wiki ya pili ya Januari, na blanketi la jeshi begani. Jumapili iliyofuata Mzee Fanueli alisimama kanisani, akatangaza kwamba baada ya maombi mengi amemwandikia mwanawe arudi nyumbani. Waumini wakaitikia amina. Upande wa wanawake, nyuma ya mabega mapana ya Lusia, Atuganile aliinamisha kichwa kwa heshima zote anazostahili mkwe, na khanga mdomoni.