Ugbad na Mgonjwa Asiyelalamika

Mtaa mzima wa Waberi unajua kwamba Ugbad ana mdomo. Hata hospitalini, ambako kazi yake ni kuwatia wagonjwa ganzi kabla ya upasuaji, hanyamazi. Atakuchokoza sindano ikiingia, atakuchokoza ikitoka. Wapo wanaosema hana adabu. Shauri yao.

Asubuhi moja aliletewa Mzee Adow, mfugaji wa Buna, mkono umeraruka. Ati ameanguka. Kuanguka wapi! Alama za meno ya ngamia zilionekana waziwazi.

"Adeer," Ugbad akamwambia, kama binti anavyomwita baba yake mdogo, "dawa hii, bupivakeini, ni nzuri. Mkono utalala hadi jioni. Lakini ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo. Ulimi ukifa ganzi, masikio yakivuma, au ukisikia ladha ya chuma mdomoni, sema papo hapo."

"Alhamdulillah," akajibu mzee. Mwanamume wa kule halalamiki. Hata akiumwa na nyoka atakuuliza kwanza habari za nyumbani.

Ugbad akaanza. Anavuta bomba nyuma kuona kama damu inakuja, anasukuma dawa kidogo, anangoja, anachokoza.

"Ngamia wa Rhamu wana maziwa kuliko wenu."

"Wallahi, uongo!"

Akavuta, akasukuma kidogo tena. "Na huyu aliyekuuma, ulimnyima maji?"

"Hajaniuma! Tulikuwa tunacheza."

Akasukuma tena kidogo. "Mimi naona heri mbuzi kuliko ngamia."

"Labda," mzee akasema polepole.

Loh! Mfugaji wa Buna asibishe, aseme labda? Ugbad akachomoa sindano palepale, roho juu.

"Adeer, ulimi ukoje?"

"Alhamdulillah."

"Sikusalimu! Ulimi!"

"Umekufa ganzi... kitambo. Na masikio yanavuma."

Akamwekea oksijeni, akapaza sauti kumwita daktari, ikatundikwa dripu ya mafuta inayoinyonya dawa hiyo kwenye damu. Macho yote kwenye mashine ya moyo. Moyo ukayumba, ukayumba, kisha ukashika mwendo wake. Upasuaji ukaahirishwa.

"Mbona hukusema?" Ugbad akafoka. "Mficha maradhi kilio humuumbua!"

"Niliona haya, binti yangu."

Kesho yake wakajaribu tena, dawa ikiwa imepunguzwa. Kabla sindano haijamgusa, mzee akaanza: chumba kina baridi, taa inamuumiza macho, kisigino kinamwasha, tena daktari anapiga mluzi ovyo. Watu wakacheka. Ugbad alitaka kucheka pia, akashindwa, machozi yalimlengalenga.

"Sema, adeer," akamwambia. "Usinyamaze."