Matobolwa si Chakula

Mama aliacha nyama wiki tuliyomzika dada yake. Hakutangaza. Tuliporudi Bariadi kutoka msibani alipita mbele ya bucha ya mtaani kwetu bila kugeuza shingo, na mwenye bucha, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwekea maini pembeni kabla wateja wengine hawajafika, akatoka nje na kisu chake mkononi.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ni miguu yangu."

"Kwani miguu inakula nyama?"

"Uliza inaliwa na nini," mama akamjibu, akaendelea na safari yake.

Mama mkubwa alikuwa na sukari. Alianza na kidonda kisiginoni, kikapakwa dawa ya unga, kikafungwa, kikafunguliwa, kikapakwa tena. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeharibika hadi karibu na goti. Waliukata, na hakuinuka tena. Mama ana sukari hiyohiyo, na presha juu yake, na ana miguu ya ukoo wao: mipana, vidole vimeachana kama vya mtu aliyezaliwa ili asimame kwenye tope. Hofu yake haikuhitaji maelezo. Alitaka siku yake ikifika azikwe na miguu yote miwili.

Mimi ndiye binti yake ninayeishi naye. Kazi yangu ni kukusanya habari za redio, bei ya pamba, mvua, mikutano ya vijiji, na nyumbani hujikuta naangalia mambo kwa jicho lilelile. Niliacha nyama pamoja naye kwa sababu niliona ni ukatili kukaanga nyama kwenye nyumba ambayo mwenzako anakula mlenda. Tulikubaliana jambo moja tu, nalo halikuwa na mjadala: vidonge vya hospitali anavimeza kama alivyoandikiwa.

"Vidonge ni vya daktari," alisema. "Sufuria ni yangu."

Na kweli sufuria ilikuwa yake. Nilidhani tunaingia kwenye maisha ya kujinyima, kumbe mama alikuwa anarudi kwao. Alianza na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akiyaloweka, akiyachemsha taratibu, kisha akiyaunga kwa karanga zilizosagwa hadi mchuzi unakuwa mzito na mweusi. Siku nyingine ilikuwa majani ya mgagani, uchungu wake umepunguzwa kwa maziwa kidogo, maana maziwa hakuyaacha. Alisema ng'ombe akikupa maziwa hujamkosea. Mtama alitaka wa kutoka Dutwa, na aliutambua kwa kuunusa. Choroko alizipika hadi zikapasuka, na chumvi akaipunguza kwa huzuni, akiionja mboga na kutikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari mbaya. Wakati wa kupika alikuwa akinisimulia mama yake alivyokuwa akipika, na mimi, niliyekulia kwenye wali na soda za sikukuu, nilikuwa nakula utoto wa mtu mwingine. Nilikuwa naufurahia.

Majirani walihangaika kuliko sisi. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuja hadi mlangoni kuuliza, kwa sauti ya chini na ya pole, kama ng'ombe wetu wa kijijini wameibiwa.

Kisha mama akajikwaa kwenye jiwe la kusagia karanga. Hakusikia maumivu. Aliona damu sakafuni, akaifuata kwa macho, akakuta inatoka kwenye kidole gumba cha mguu wake mwenyewe. Kilikuwa kidonda kidogo, cha kufunikwa na punje ya hindi. Lakini wiki zilipita na punje ile ikawa kizibo cha soda.

Kliniki, muuguzi alimtoboa kidole cha mkono, akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Mama, sukari iko juu sana. Vidonge unameza?"

"Nameza."

Nilithibitisha kwamba anameza.

"Unakula nini?"

"Ugali wa mtama. Majani. Jana tangu asubuhi sikula kitu hadi jioni."

Muuguzi aliniangalia mimi, na mimi nikamwangalia mama. Hakuwa anadanganya. Namjua mama anapodanganya, huwa anapanga kanga yake upya. Kanga ilikuwa imetulia. Muuguzi akasafisha kidonda na kusema maneno ambayo mama alikwisha kuyasikia yakiambiwa dada yake: sukari isiposhuka, kidonda hakifungi, na kidonda kisipofunga, hawataishia kwenye kidole.

Siku iliyofuata sikwenda kazini. Nilikaa naye barazani akipepeta choroko, nikijifanya nasoma simu. Jua halijapanda sana, mkono wake ukaingia kwenye pindo la kanga, ukatoka, ukaenda mdomoni. Baada ya muda kidogo ukaingia tena. Ulikuwa ukienda wenyewe, kama mkono wa mtu anayefukuza inzi.

"Mama, unakula nini?"

"Sili."

"Unatafuna."

"Kutafuna si kula."

Akafungua pindo, bila aibu yoyote, akanionyesha matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu na vitamu kama asali iliyoganda. Mjomba wangu wa Mwamapalala humletea gunia kila baada ya mavuno. Nilikuwa nimeliona lile gunia kila siku kwenye kona ya jiko, na sikuwahi kulihesabu kama sehemu ya mlo, kwa sababu na mimi ni mtoto wa kulekule. Kwetu chakula ni ugali. Mtu akila wali mchana, jioni atakwambia ameshinda njaa. Nimewahi kumhoji mkulima aliyelalamika kwamba nyumbani kwake hakuna chakula, amekaa kwenye kivuli cha rundo la viazi. Matobolwa ni kitu cha kushughulisha mdomo ukiwa unapalilia pamba, au kusindikiza chai. Muuguzi aliuliza kuhusu kula, na mama alijibu kwa ukweli wote alionao.

"Hivi vina sukari, mama."

"Sukari inatoka dukani. Hivi vimetoka ardhini. Si wewe na mimi tulisema tunakula vya ardhini?"

"Onja uniambie."

Akatafuna polepole, akifikiri. "Ni utamu wa Mungu," akasema.

"Utamu wa Mungu nao unaingia kwenye damu."

Kisha akalitazama gunia kupitia mlango wa jiko, gunia la kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki katika wale waliozaliwa pamoja. Kulitupa haikuwezekana, chakula cha ndugu hakitupwi. Kuligawa kwa majirani naye angesikia, maana Mwamapalala husikia yote. Na gunia jingine lilikuwa njiani kila msimu, mwaka hadi mwaka. "Tutampelekea," akasema mwishowe, na kwa jinsi alivyolitamka nilijua analiona kuwa gumu kuliko kuacha nyama.

Mjomba alitupokea kwenye lango la uzio wake wa minyaa. Nyuma yake, kwenye kigingi, alikuwa amefungwa beberu mweusi.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, kaka."

"Mbuzi wenu huyo. Mtazameni vizuri kabla hajaingia kwenye sufuria."

"Kaka, si tulikwambia kwenye simu hatuli nyama?"

"Mlisema nyama. Huyu si nyama, huyu ni mbuzi." Akanigeukia mimi. "Na wewe mpwa wangu, mama yako ni mgonjwa, tunamwelewa. Wewe una ugonjwa gani? Mwanamume gani atatoa ng'ombe kwa ajili ya mwanamke asiyekula ng'ombe?"

"Anayependa choroko, mjomba."

"Choroko! Basi mahari yako tutaipokea kwa debe."

Mke wake akacheka huko jikoni hadi akapaliwa na moshi. Mjomba naye alicheka, mpaka alipoliona gunia nililoliteremsha. Alilitambua kwa kamba aliyolifungia mwenyewe. Kicheko kikakatika.

"Limeoza?"

"Halijaoza," mama akasema. "Halinifai."

"Mnamkataa mbuzi wangu. Sasa mnanirudishia matobolwa yangu. Niwape nini, upepo?"

Mama hakubishana. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu, akafungua bandeji, akamwonyesha. Mjomba aliinama, akachuchumaa, akakiangalia kile kidole kwa muda mrefu. Nilimwona anazeeka pale pale. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikopo cha bati.

"Huu si ugonjwa wa chakula," akasema kwa sauti ya chini. "Mguu wa dada yetu, halafu mguu wako. Kuna mtu anatuangalia kwa jicho baya. Lete nikupake."

Nilitaka kuingilia. Nilikuwa na maneno ya kliniki tayari mdomoni. Mama aliniwekea mkono kwenye goti, na mkono ule ulikuwa na uzito.

"Kaka, hiyo ndiyo uliyompaka dada."

Mjomba alibaki amekishika kikopo.

"Mimi ndiye niliyemshikilia mguu wakati unampaka," mama akaendelea. "Tulimpaka kwa mapenzi, wewe na mimi. Tukasubiri upone. Tukasubiri tena. Sikulaumu, na mimi sijilaumu, maana tulifanya tulichokijua. Ila mimi sitapakwa."

"Wewe si ndiye unayesema majani ni dawa? Hii nayo ni miti."

"Majani nakula kila siku, na yananisaidia. Lakini kidonda hiki hakitaki unga. Kinataka kioshwe na muuguzi, na kinataka nifunge mdomo. Na mdomo wangu unafunguliwa na gunia lako."

Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka kunywa maji na vumbi lao lilitufikia. Mjomba alisogea kuwapisha, akakiweka kikopo juu ya ukingo wa ghala, akamwendea beberu, akamfungua. Beberu hakuamini, alisimama kwanza, kisha akakimbilia wenzake.

"Sasa utatafuna nini?" mjomba akauliza, akiwa bado ametupa mgongo. "Nakujua mimi. Tangu utoto mdomo wako haukai bure. Ulikuwa unakula hata udongo wa kichuguu."

"Dengu unazo?"

Alikuwa nazo. Mke wake alizikaanga kavu kwenye kigae cha chungu hadi zikaanza kuruka na kunukia, mama akajaza kiganja, akatafuna, akasema ni ngumu, meno yake si ya ujana tena. Akachukua kiganja kingine. Baadaye tulikula ugali wa mtama na nsansa, na mjomba alikula nasi kwa uso wa mtu anayehudhuria kikao asichokipenda. "Leo hata mbwa wangu watalala na njaa," alinung'unika, lakini mboga aliongeza.

Tulipoaga alitufungia dengu kwenye kitambaa anachofungia mbegu. Hakumwomba radhi mama, wala mama hakuhitaji. Alimwuliza tu kliniki ni siku gani, na tangu hapo, kila ikifika siku hiyo, simu yake hulia kabla hatujafika barabarani.

Kidonda kilichukua muda wake. Sukari ilishuka, ikapanda tena baada ya sikukuu fulani ambayo sitaizungumzia kwa kumheshimu mhusika, ikashuka. Muuguzi alikwangua, akaosha, akafunga. Vidonge vilibadilishwa. Mama alijifunza kukagua nyayo zake kila asubuhi kwa kioo changu cha kujipodolea, akikigeuza huku na huku, akiisemesha miguu yake kwa Kisukuma kana kwamba ni ndama wawili wagonjwa. Alijifunza pia kuhesabu kiazi kama chakula, akawa anapima kipande kimoja kwenye sahani badala ya ugali, na siku hizo huniambia, kwa uchungu wa kweli, kwamba hajala.

Halafu asubuhi moja muuguzi alifungua bandeji, akakibonyeza kidole kando kando, akaitupa bandeji kwenye ndoo, na hakuchukua nyingine.

"Kimefunga, mama."

Mama alikitazama. Ngozi mpya ilikuwa ya rangi ya waridi, nyembamba, kama ngozi ya mtoto wa juzi. Alikigusa kwa ncha ya kidole cha mkono.

"Naweza kwenda kuchuma pamba kwa kaka yangu?"

"Unaweza. Ila si pekupeku, na si kwa kandambili. Viatu vya kufunika."

Mama alikuwa hajawahi kuvaa viatu vya kufunika. Tulitoka kliniki moja kwa moja hadi sokoni, kwa wauza mitumba, na hakuna kiatu cha kike kilichokubali mguu wake. Muuzaji alipanga jozi moja baada ya nyingine hadi akakata tamaa, kisha mama mwenyewe akanyoosha kidole kwenye raba nene za bluu zilizoning'inia juu.

"Hizo za wanaume, mama."

"Lete. Mguu haujui."

Ziliingia. Alisimama, akakanyaga chini kwa nguvu, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia, na wauzaji wa meza za jirani wakageuka. Mmoja akampigia makofi, akamwuliza anachezea timu gani.

Nilimwitia bodaboda, akaikataa kwa mkono. Alitangulia mbele yangu kwenye njia ya kwenda nyumbani, gauni limepandishwa kidogo ili raba zionekane, akitembea polepole na kwa uangalifu. Kila baada ya hatua chache aliinamisha macho kuiangalia miguu, wa huku na wa huku, kisha akaendelea.