Robo ya Nne

Wanafunzi walimwita Mama Sehemu, na hawakujua kwamba alilipenda jina hilo kuliko lile lililoandikwa kwenye cheti chake. Alikuwa amefundisha hisabati muda mrefu hata chaki ikaingia kwenye mistari ya viganja vyake na kukataa kutoka. Mwanafunzi aliyejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano aliitwa mbele, akakabidhiwa chungwa na kisu.

"Kata nusu. Haya, ongezea theluthi. Sasa niambie, bwana mkubwa, umeongeza halafu umepata pungufu ya nusu? Ukifungua duka utuambie, tutahamia kwako wote."

Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Anayekosea sehemu na kuachwa hivyo hivyo ndiye atakayewapunja ndugu zake siku ya kugawana, wala hatajua kwamba amewapunja. Halikuwa jambo la mzaha.

Mumewe alikuwa mwalimu wa maabara, chumba cha pili, mlango mmoja katikati. Alikuwa na utani ambao hakuuchoka tangu walipokutana chuoni. "Sehemu zako zinatimia moja kwa sababu ni za chaki," alimwambia. "Njoo kwangu uone za mchanga na chumvi." Kwake hazikutimia kamwe. Mchanganyiko ukitenganishwa, chumvi kidogo hubaki kwenye karatasi ya kuchujia, nyingine hurukia nje bakuli likichemka, na vumbi la chuma hung'ang'ania sumaku. Mwanafunzi aliyeleta majibu yanayotimia moja kamili alikuwa ameyapika bila kupima. Mwalimu yule hakugomba. Alisimama nyuma ya mkosaji, akakohoa mara moja, kikohozi kifupi kikavu, akachora mstari mwekundu juu ya majibu yote. Alimchorea hata mtoto wa mkuu wa shule, na mkuu wa shule akaukubali mstari huo.

Kikohozi hicho baadaye kilirefuka, kikashuka kifuani, kikamwondoa duniani.

Chenyewe hakikuondoka. Mama Sehemu alikisikia akifuta ubao, kikitoka chumba cha pili, na chumba cha pili kilikuwa na kufuli; jioni alikisikia mezani pia. Hakumwambia mtu. Mwalimu mzima wa hisabati angeanzia wapi? Nyumbani walibaki watatu, yeye, mama mkwe wake na binti yake wa pekee, lakini kila jioni alikata mkate robo nne. Robo ya nne aliiweka kwenye sahani ya marehemu, akaifunika bakuli, na asubuhi ikaenda kwa kuku. Mama mkwe akipita mezani aligusa bakuli lile kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Binti aliwatazama wote wawili, akala robo yake, akaenda kusoma.

Mwaka binti alipofika darasa la mwisho, shule ilikuwa bado haijapata mwalimu wa maabara. Mtihani wa vitendo ukawekwa mikononi mwa Mama Sehemu. Alikwenda ofisini kukataa.

"Mwanangu yumo darasa hilo. Mtafute mwingine."

"Mwingine nimtoe wapi, Mwalimu? Nikamfufue mwenyewe?" Mkuu wa shule akasikia alichosema, akashika paji la uso. "Nisamehe, dada. Ulimi umeteleza."

"Haukuteleza. Nipe ufunguo."

Sheria ya marehemu ilikuwa bado ndiyo sheria ya shule: aliyepika majibu, sifuri. Na mwenye sifuri ya maabara hakupokelewa chuo cha mafundi wa maabara, ambacho binti alikitaka tangu alipokuwa mdogo akivaa koti jeupe la baba yake na kuliburuza sakafuni. Koti hilo lilikuwa bado linaning'inia msumarini, nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kuliondoa.

Mtihani ulimalizika mchana. Kila mwanafunzi alikuwa amepewa pakiti iliyofungwa, gramu ishirini za mchanga, chumvi na vumbi la chuma, azitenganishe, apime, aandike kila kimoja ni sehemu gani ya mzigo wote. Vibakuli vyao vilibaki mezani kama sheria ilivyotaka, mpaka majibu yatiwe sahihi. Mama Sehemu akaketi na karatasi. Huyu amepata kumi na nane ya ishirini. Sahihi. Huyu kumi na saba, mzembe, lakini mkweli. Sahihi. Kisha mwandiko anaoujua: chuma moja ya tano, chumvi tatu ya kumi, mchanga nusu.

Hakuhitaji kalamu. Mbili, tatu, tano. Kumi ya kumi.

Alijumlisha tena, kana kwamba namba zingemwonea huruma. Kisha akamwita binti yake kutoka barazani.

"Umepika?"

"Nini, Mama?"

"Hapa mimi ni Mwalimu. Majibu yako yanatimia moja kamili. Umepika?"

"Sijapika."

"Baba yako hakuwahi kupata moja kamili maisha yake yote."

"Labda mimi nina mkono mzuri kuliko Baba."

"Usimtanie marehemu ndani ya chumba chake."

"Kila chumba ni chake," binti akasema polepole. "Hata meza ya chakula ni yake. Nimepima nilichopata, nikaandika nilichopima. Ukitaka kunichora, nichore."

Mama alishika kalamu nyekundu. Aliwaza kwamba kumwonea huruma mwanawe ni kuwaibia wote aliowahi kuwachora mumewe, na hapo hakukosea. Alishusha ncha mpaka kwenye karatasi.

Kikohozi kikaja. Kifupi, kikavu, nyuma ya bega lake.

Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na koti msumarini, na chini ya koti, meza yenye vibakuli vya mchanga vimepangwa safu. Alivitazama kwa sababu hakutaka kulitazama koti. Mchanga wa wenzake ulikuwa umepauka. Wa binti yake ulikuwa na weusi.

"Umesikia?" akauliza.

"Nisikie nini?"

Mama alichukua kibakuli kile, akawasha taa ya spiriti, akakiweka juu ya moto. Mvuke ulipanda mwembamba, ukatia ukungu kwenye kioo cha dirisha. Mchanga ukaanza kupauka kutoka pembeni kuelekea katikati. Alipoupima, mizani haikusimama kwenye gramu kumi. Ilisimama kwenye tisa.

"Ulipima mchanga wenye maji," akasema. "Chumvi yako imepotea gramu moja, na maji yakakaa mahali pake. Ndiyo maana imetimia."

Binti aliinama juu ya mizani. "Niliuona bado una weusi," akasema. "Lakini jumla ilikuja nzuri, nikafurahi. Sikutaka kuugusa tena."

Maneno hayo yalimchoma mama yake, mwenye robo nne za kila jioni, naye hakuonyesha.

"Basi andika tisa," binti akasema. "Si umeiona kwa macho yako?"

"Tisa nimeipata mimi. Wewe ulipata kumi. Nikiandika tisa, aliyepika nitakuwa mimi."

"Sasa?"

"Sasa mchanga umekosa, alama zake zimekwenda. Chuma na chumvi ni zako. Sifuri hupati, kwa sababu hukudanganya."

"Zinatosha chuo?"

"Zinatosha kupita. Hazitoshi kujivunia."

Akatia sahihi. Binti alifuta machozi kwa mkono wa sare, akaosha kibakuli bila kuambiwa, na wote wawili wakafunga mlango bila kuangalia nyuma yake.

Jioni ile Mama Sehemu alikata mkate robo nne, kama kawaida. Mkono ulikuwa umezoea. Aliweka ya nne kwenye sahani ya marehemu, akainua bakuli aifunike.

Binti alinyoosha mkono, akaichukua, akaing'ata.

Bakuli lilibaki hewani, kisha Mama Sehemu akaliweka mezani. Binti alitafuna akimtazama mama yake usoni, bila kiburi, kama mtu anayefanya kazi ambayo lazima mtu aifanye. Mama mkwe aligeuza uso kuelekea sauti ya kutafuna, macho yake hayakuwa yakiona vizuri siku hizi.

"Ni nani anakula ya mwanangu?"

"Mimi, Bibi."

Kizee kile kikapapasa meza, kikapata bakuli tupu, kikalisogeza pembeni.

"Kula, mjukuu wangu. Kila asubuhi nikiwatupia kuku naisikia imekuwa ngumu kama jiwe."

Mama Sehemu aliketi. Alishikilia ukingo wa meza kwa viganja vyake vyenye chaki, akasubiri kikohozi. Alisubiri mpaka binti akamaliza na kukung'uta makombo. Hakikuja, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akaogopa kimya cha nyumba yake.