Kikao cha Mtu Mmoja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwenyekiti wa chama wa kata yetu alinifuata shambani Lugoba nikipalilia mihogo. Nilikuwa nimetangaza nia ya kugombea udiwani. Mtu anayekanyaga matope kwa viatu vya ofisini ana haja kubwa. Hilo nililiona, ila sikujua haja yenyewe.

"Alhamisi alasiri kuna usaili wa wagombea, kwenye nyumba ya wageni Chalinze," alisema. "Njoo peke yako. Mambo haya hayataki macho mengi."

Nilimweleza mama mkwe wangu, Bi Mwanahamisi. Marehemu yule, Mungu amrehemu, hata salamu aliipima kabla ya kuipokea. Aliacha kupepeta mchele.

"Wagombea wanaume wameitwa?"

"Sijui, mama."

"Na ofisi ya chama imebomoka?"

Nikamwambia ipo palepale. "Basi tutakwenda wote," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Tulipofika, dada wa mapokezi alisema mzee yuko chumbani, kaagiza mgeni wake apelekwe hukohuko. Mgeni, si wageni. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa. "Mwambie tunamsubiri hapa."

Mwenyekiti alitoka kavaa msuli na fulana. Alipomwona mama, akababaika. "Shikamoo."

"Marahaba. Wenzako wa kikao wako wapi?"

"Wamechelewa kidogo."

"Hatuna haraka."

Tulikaa mpaka ikaadhiniwa magharibi. Hakuja mtu.

Haikupita wiki, kijiji kizima kikawa kinasema nimeonekana gesti Chalinze. Vijana wakanizomea sokoni. Mmoja akanivuta kanga mpaka ikachanika, na watu wazima wakatazama pembeni. Nani aliwatuma? Nilianza kumshuku kila aliyenichekea. Hata mume wangu akawa ananiuliza maswali bila kunitazama, mpaka mama yake alipomwambia, "Nilikuwa naye. Ukimtuhumu yeye, nituhumu na mimi."

Mficha uchi hazai, mwanangu. Kwenye mkutano wa wanachama nilisimama nikaeleza yote, mwenyekiti yuleyule kakaa meza kuu. Kisha mwanamke mmoja, mwalimu wa watoto wadogo, akainuka nyuma kabisa. "Na mimi aliniita," akasema. "Mimi sikuwa na wa kunisindikiza." Akaketi, akajifunika uso kwa mtandio. Nilikwenda nikakaa naye.

Mwenyekiti alivuliwa cheo. Udiwani aliupata mpwa wake, na mpaka leo sijui kura zile zilihesabiwa vipi. Nilingoja uchaguzi uliofuata, nikashinda.

Sasa nasikia nawe unataka kugombea. Gombea. Ila usione haya kuwa na shaka. Tahadhari kabla ya hatari. Ukiitwa mahali ambapo wenzako wanaume hawakuitwa, uliza sababu, na usipopewa inayoeleweka, usiende. Anayekusifu sana, mchunguze hata kama ni wa chama chako, na kwa kweli huyo ndiye wa kwanza kuchunguzwa. Na likikufika baya, aibu si yako, ni ya aliyelitenda. Liseme mapema, nyumbani na polisi, wala usingoje kuombwa. Akija mwenzako na lake, msikilize kabla hujamuuliza alifuata nini huko.

Mungu akukinge na mkono wa dhalimu na ulimi wa mfitini, akupe watu wa kusimama nawe, na kiti utakachokikalia kiwe cha heri. Amina.